Nani Alitufundisha Kubonyeza "Endelea"?

Kompyuta ile inaamini tuko mwaka 2009. Ipo kwenye steshenari moja pale Kyela mjini, si mbali na stendi, katikati ya mashine ya fotokopi na kabati la bahasha. Kila inapowashwa asubuhi saa yake inarudi Januari mosi 2009, kwa sababu kile kibetri cha duara kinachoitunzia saa, bapa kama sarafu, kilikufa siku nyingi na hakuna aliyejishughulisha kukibadilisha. Sasa, tovuti yoyote salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni 2009 ikipewa cheti cha mwaka huu, inaona ni cheti ambacho bado hakijazaliwa. Basi inapiga kelele: muunganisho huu si salama, huenda kuna mtu anajaribu kuiba taarifa zako. Kijana anayehudumia pale hasomi. Mkono wake unaijua njia: anabonyeza maelezo zaidi, halafu "Endelea". Tovuti inayofuata, kelele zilezile, "Endelea" ileile, kama mtu anayefukuza nzi kwenye sahani.

Nilikwenda pale na binti wa marehemu kaka yangu, anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kwenye bahasha yake kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba yake, picha, na namba ya NIDA ya mdhamini, ambaye ni mimi. Maisha yake yote yalikuwa kwenye bahasha ile, na kipande cha maisha yangu. Mara ya kwanza lile onyo jekundu lilipotokea alishtuka, akamgeukia kijana: "Kaka, hapa inasema nini?" Akajibiwa: "Bonyeza tu Endelea, huwa inasema hivyo." Mara ya pili alinitazama mimi. Mara ya tano hakumtazama mtu. Katika nusu saa, mbele ya macho yangu, mtoto mwenye akili, aliyefaulu mitihani yake yote, alifundishwa kupuuza onyo la usalama, na akalipia somo hilo kwa bei ya kutumia kompyuta kwa saa.

Hasira yangu inaanzia hapo, na sitaificha.

Nimechoka kusikia kwamba wananchi "hawana uelewa". Ndilo neno linalosemwa kila mtu anapoibiwa kwa njia ya simu: hawana uelewa, wanahitaji elimu, ni wazembe. Anayesema hivyo hajawahi kukaa ufukweni Matema asubuhi. Watu wa pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa wameishi kwa maonyo tangu enzi za mababu. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na sisi tuko kwenye ncha yake ya juu. Upepo wa mwera ukianza kuvuma kutoka kusini, unatufikia ukiwa umekusanya nguvu za ziwa zima. Mvuvi anayeyaona maji yakianza kubadilika upande ule harudi kujadiliana. Anavuta nyavu tupu na kupiga kasia kuelekea nchi kavu, na hakuna anayemcheka kwa kurudi mikono mitupu. Akina mama wa Ikombe wanaopeleka vyungu vyao soko la Matema kwa mtumbwi, chini ya Milima ya Livingstone, wanajua siku ya kuondoka na siku ya kukaa. Mto Kiwira ukibadilika rangi wakati wa masika, na Mbaka na Lufilyo ikianza kuunguruma, mtu wa bondeni anahamisha mpunga wake bila kusubiri barua ya mtendaji.

Watu hawa wanatii onyo kwa sababu mwera haukuwahi kuwadanganya. Haukuwahi kuwaambia mara arobaini kwa siku kwamba unakuja, halafu usije. Kompyuta ya pale stendi inafanya hivyo kila siku, kwa sababu ya kibetri. Mkimfundisha mtu kwa miaka kwamba onyo ni kelele, msimlaumu siku onyo litakapokuwa la kweli naye akalipita. Mliokuwa walimu wake ni nyinyi.

Ziwa letu lina kisa chake kuhusu habari inayochelewa, na nashangaa kwamba hatukifundishi. Agosti 1914 kulikuwa na meli ya kivita ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo huko Sphinxhaven, mahali tunapopaita Liuli leo. Upande wa pili wa ziwa Waingereza walikuwa na yao, Guendolen, chini ya nahodha Rhoades. Rhoades na nahodha wa Kijerumani, Berndt, walikuwa wanafahamiana, wamekunywa pamoja mara nyingi. Kisha vita vikatangazwa huko Ulaya. Habari ikawafikia Waingereza. Haikumfikia Berndt. Tarehe 13 Agosti Guendolen ikatokea na kuanza kuipiga mizinga meli iliyolala juu ya magogo, na inasimuliwa kwamba Berndt aliruka kwenye mtumbwi, akapiga kasia kumfuata rafiki yake huku akitukana, akiuliza kama amelewa. Alikamatwa palepale. Alikuwa na meli, alikuwa na ujuzi wa ziwa. Kilichomponza ni kwamba adui yake alikuwa na habari ambayo yeye alikuwa hajaipata.

Simu isiyosasishwa iko katika hali hiyohiyo, na hapa naomba msomaji avumilie nieleze jambo moja kwa kirefu, kwa sababu ndilo ambalo mafundi wetu hawalisemi. Watu wengi wanadhani kwamba programu isiyosasishwa inabaki vilevile ilivyokuwa jana: kama haikuibiwa jana, haitaibiwa leo. Si kweli. Kampuni inapogundua tundu kwenye programu yake na kutoa kiraka, kiraka chenyewe kinaonyesha tundu lilikuwa wapi. Wezi wenye ujuzi wanakichukua, wanalinganisha programu ya zamani na mpya mstari kwa mstari, na tofauti inawapeleka moja kwa moja mlangoni. Jirani yako akiziba uzio wake mahali fulani mchana kweupe, na uzio wako mlijenga siku moja kwa mafundi walewale, mwizi aliyekuwa anapita njiani ameshajua wako una tundu wapi. Ndiyo maana siku ambayo sasisho linatoka, wale wasiolichukua wanakuwa hatarini zaidi ya walivyokuwa siku moja kabla. Kukaa bila kufanya kitu hakukuachi pale ulipokuwa.

Mwaka 2017 dunia nzima ililiona hilo. Tarehe 14 Machi Microsoft ilitoa kiraka cha tundu kubwa katika Windows. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo na kufunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza wagonjwa waligeuzwa njiani, na maelfu ya miadi ya hospitali yakafutwa. Miezi miwili dawa ilikuwa mezani. Mtu aliyefutiwa miadi yake ya upasuaji siku ile, nani angethubutu kumwambia kwamba kusasisha ni kupoteza muda?

Nakuja sasa kwa wanaotufanya tusisasishe.

Kwanza ni bando. Nitasema bila kuzunguka: katika Tanzania ya leo, usalama unauzwa kwa MB. Kiraka cha mwezi cha simu kinaweza kula mamia ya MB. Toleo jipya la mfumo mzima linaweza kupita GB moja. Mkulima wa Ngonga anayenunua bando la siku ili aone picha za mjukuu wake aliyezaliwa Dar hawezi, na hapaswi, kuchagua kati ya mjukuu na kiraka. Na kuna jambo baya zaidi ambalo halionekani. Simu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa zisubiri Wi-Fi ndipo zisasishe programu. Waliopanga hivyo walimfikiria mtu anayerudi nyumbani jioni na kukuta Wi-Fi sebuleni. Nyumba ngapi za Ipinda zina Wi-Fi sebuleni? Simu ya mama yangu mdogo ilisubiri Wi-Fi kwa miaka mitatu. Ilikuwa inamsubiri mgeni ambaye hakualikwa wala hakuwa njiani.

Msiniambie kwamba haiwezekani kufanya masasisho ya usalama yasikate bando. Mwaka 2014 mpango wa Internet.org uliingia Tanzania kupitia mtandao mmoja wa simu, na Watanzania wakafungua Facebook bila kukatwa senti. Iliwezekana kwa sababu kuna mtu aliona faida. Kama mitambo inaweza kutambua kwamba hii ni Facebook na kuiacha ipite bure, inaweza kutambua kwamba hiki ni kiraka cha usalama na kukiacha kipite bure. Mitandao inayojisifu kwenye mabango ya barabara ya Kasumulu kwamba inamjali mteja, ianzie hapo. Na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, isiwaombe. Iwaamuru.

Jambo la pili linanichoma zaidi, kwa sababu limeingia nyumbani kwetu.

Machi 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Miti ya Ghana na Kodivaa ilikuwa imeugua na hali ya hewa imeharibu mavuno yao, na Kyela, ambayo miaka yote ilikuwa ikitajwa zaidi kwa mchele, ikajikuta imekalia utajiri. Fedha ile haikuja kwenye magunia. Iliingia kwenye akaunti na kwenye simu, na harufu yake ikawafikia wezi kabla kakao haijamaliza kuvundikwa. Mama yangu mdogo, mjane, ana shamba lenye miti ya baba yake na aliyoipanda mwenyewe. Siku moja simu ikampa meseji: programu ya benki yako imepitwa na wakati, akaunti itafungwa leo, sasisha hapa. Chini yake linki. Akabonyeza. Programu ikashuka, ina nembo na rangi zilezile. Ikaomba ruhusa ya kusoma meseji; akabonyeza "Ruhusu". Ikaomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kuwasaidia watu wasioona vizuri, ambayo programu ikiipata inaweza kusoma kila kilichopo kwenye kioo na hata kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu. Akabonyeza "Ruhusu". Hadi jua linazama, fedha za msimu mzima zilikuwa zimehamishwa mara nne.

Nilimpeleka dirishani pale benki kesho yake. Aliyetuhudumia, kijana anayeweza kuwa mjukuu wake, alimwambia: "Mama, ulizembea." Mama mdogo hakujibu. Alikunja kitenge chake magotini, akakikunjua, akakikunja tena.

Lakini mimi nilikuwa na simu yake mkononi. Wiki mbili kabla ya wizi, benki hiyohiyo ilikuwa imemtumia meseji ya kweli, yenye linki, ikimwambia programu yake imepitwa na wakati na kwamba asipopakua toleo jipya hatapata huduma. Niliziweka meseji mbili pamoja na kuzisoma neno kwa neno. Haraka ilikuwa ileile. Vitisho vilevile, linki ileile. Mimi ninayeishi kwa kusoma na kuandika sikuweza kusema ipi ilikuwa ya mwizi na ipi ya mwenye nyumba. Kama benki inagonga mlango usiku kwa mtindo wa jambazi, kwa nini mjane wa Ipinda ndiye alaumiwe kwa kumfungulia jambazi?

TCRA inatutaka tutume meseji za matapeli kwenda namba 15040, na mimi nazituma, na nawaomba wote mzitume. Lakini kupeleka taarifa ya mwizi aliyeshapita hakutoshi. Iwekwe kanuni moja, fupi, ya kupigiwa mstari: hakuna benki, hakuna mtandao wa simu, hakuna ofisi ya serikali itakayomtumia mteja linki ya kusasisha kitu. Kamwe. Waandike tu: toleo jipya lipo, lifuate mwenyewe dukani, yaani Play Store. Siku kanuni hiyo itakapotangazwa kwenye redio na kila mtu akaijua, mama yangu mdogo hatahitaji semina. Atajua kwamba kila linki ni ya mwizi, kama anavyojua kwamba anayekuja usiku kununua kakao mbichi shambani hakuja kwa heri.

Nao wauza simu je? Ukinunua dawa duka la dawa Kyela, boksi lina tarehe ya kuisha. Ukinunua hata biskuti. Ukinunua simu ya laki mbili, hakuna anayekuambia kwamba mtengenezaji aliacha kuitolea viraka kabla haijavuka bandari ya Dar es Salaam. Unauziwa kitu kilichokwisha muda, kikiwa kwenye karatasi yake ya plastiki, kinang'aa. Uingereza imekataa jambo hilo: tangu 29 Aprili 2024 sheria yao inamlazimu mtengenezaji atangaze ni hadi lini kifaa kitapata masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya umekwenda mbele zaidi. Tangu 20 Juni 2025 simu zinazoingia sokoni kwao zinatakiwa zipate masasisho kwa miaka mitano baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa. Kampuni nyingi zinazouza simu kule ndizo zinazouza hapa, na kule zimetii. Hapa hazijaulizwa.

Na tusijidanganye kwamba dola yetu haina meno. Usiku wa 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima. Watu walilalamika, wakapiga *#06# kutazama namba tambulishi za simu zao, walioumia wakaumia, lakini ilifanyika. Mamlaka yenye uwezo wa kuizima simu iliyo mkononi mwa mwananchi ina uwezo wa kumlazimisha mwagizaji abandike tarehe kwenye boksi.

Kuna simu zilizoingia barani Afrika zikiwa na ugonjwa tangu kiwandani. Agosti 2020 watafiti wa kampuni ya Upstream walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu hasidi, Triada na xHelper, zilizokuwa zinawaunganisha watu kwa siri na huduma za kulipia na kula salio lao. Kampuni mama, Transsion, ilisema tatizo lilitokana na msambazaji fulani njiani na kwamba ilikwishatoa sasisho la kulitibu. Soma hapo mara mbili. Maradhi yalikuja ndani ya boksi, bila mwenye simu kubonyeza chochote. Dawa ikawa ndani ya sasisho. Yule aliyeambiwa na fundi wake "usiapudeti, itakuwa nzito" alibaki na maradhi.

Mafundi, nawaheshimu, mmeokoa simu yangu zaidi ya mara moja. Lakini acheni kuturushia GB WhatsApp na WhatsApp nyingine zilizochezewa kwa Xender. Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky iliikuta Triada, ileile, ndani ya FMWhatsApp. Oktoba 2022 ikaikuta YoWhatsApp ikiiba funguo za akaunti za watu. Hizi ndizo mnazoziita WhatsApp nzuri kwa sababu zinaficha kwamba umesoma. Kila programu halali imegongwa muhuri wa aliyeitengeneza, na simu inapopokea sasisho inalinganisha muhuri mpya na wa zamani, usipofanana, inakataa. Ndiyo sababu hizo za kurushiana haziwezi kukaa juu ya WhatsApp ya kweli kama sasisho lake. Lazima zije kama kitu kingine kabisa, na lazima kwanza uiambie simu iruhusu programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Simu inakuuliza kwa sababu haimjui anayeingia. Wewe unamjua?

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa masasisho yenyewe yanaua. Nitatajiwa 19 Julai 2024, siku ambayo sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows, ndege zikakaa chini na watu wakalala viwanja vya ndege. Ni kweli. Nitatajiwa pia 27 Juni 2017, na hilo ni zito zaidi: kirusi NotPetya kilipenyezwa ndani ya sasisho halali la programu ya uhasibu ya Ukraine, M.E.Doc, kikatoka humo na kufika hadi Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake tunayaona yakipita. Maersk ililazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000. Nakala ya mwisho ya daftari lake kuu la mtandao ilipatikana nzima Ghana, katika ofisi ambayo umeme ulikuwa umekatika kabla kirusi hakijafika.

Sikatai hata neno moja katika hayo. Lakini angalia yanachotufundisha. NotPetya, baada ya kuingia, kilisambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta kikitumia, pamoja na mbinu nyingine, tundu lilelile la WannaCry, ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka miezi mitatu kabla. Na Maersk iliokolewa na nakala moja iliyokuwa imekaa mbali na moto. Kwa hiyo jibu la sasisho baya ni kuwa na nakala, wala si kukimbia masasisho. Mtu ambaye mtoto wake aliwahi kuugua baada ya chakula hatangazi mfungo wa nyumba nzima.

Basi kwa shangazi na wajomba zangu, wakati tunawasubiri wakubwa watimize wajibu wao, nasema hivi. Meseji ikikuambia usasishe, iache, usibonyeze kitu ndani yake. Ingia mwenyewe kwenye Mipangilio ya simu, tafuta mahali palipoandikwa sasisho la mfumo, utazame kwa macho yako. Kwa programu, ingia Play Store kwa miguu yako mwenyewe. Kama kuna jipya, utalikuta pale. Kama halipo, aliyekutumia meseji ni mwongo, na umemkamata bila kumsomesha mtu. Picha za marehemu na namba za watu zinakiliwe kwanza mahali pengine. Chaji iwe imejaa, maana umeme wetu tunaujua. Ukienda Mbeya kwa mwanao mwenye Wi-Fi, usikae tu kunywa chai. Iunganishe simu, iache ile inachotaka. Na onyo likitokea kwenye tovuti, kabla ya kuogopa na kabla ya kupuuza, tazama tarehe ya simu yako. Ikiwa tarehe si ya leo, rekebisha tarehe. Ikiwa tarehe ni sahihi na onyo bado lipo, toka. Hata kama foleni iko nyuma yako. Hata kama kijana anakuambia huwa inasema hivyo.

Vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, vinakutana na wakulima kila msimu. Wanasomewa bei za mnada, makato, magunia. Dakika kumi za mkutano huo zitumike kufungua simu pamoja, mwenye kujua amshike mkono asiyejua. Shilingi ya mkulima ikiisha kulindwa mnadani isiporwe saa moja baadaye mfukoni mwake.

Na wenye steshenari, tangu 14 Oktoba 2025 Windows 10 haitolewi tena viraka vya kawaida. Nyingi kati ya kompyuta zenu ziko huko, nyingine bado ziko Windows 7, iliyoachwa Januari 2020. Huko Ulaya vyama vya walaji viliibana Microsoft hadi ikawapa mwaka mmoja zaidi wa viraka bure, bila sharti la kuhifadhi nakala kwenye mitambo yake. Walidai, wakapewa. Nyinyi mnashika vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa wilaya nzima. Hamjadai chochote, kwa mtu yeyote.

Mimi nilianza na kilicho karibu. Nilinunua kibetri kile sokoni kwa bei isiyofika nauli ya kwenda Matema, nikakipeleka. Kijana alifungua boksi la kompyuta, akapuliza vumbi, akakipachika, akaweka tarehe ya siku ile. Tulifungua tovuti ya Bodi ya Mikopo: kimya. Ya NIDA: kimya. Akacheka, akasema leo mtandao umetulia. Binti yetu akaendelea kujaza fomu yake hadi mwisho. Kisha mteja mwingine, mzee mwenye kofia ya kushona, akatoa karatasi yenye anwani ya tovuti ya ajira aliyopewa na mtu stendi, akaomba afunguliwe. Kioo kikawa chekundu. Kijana akapeleka kipanya kwenye "Endelea" kwa mazoea yake, kisha akasimama. Akatazama saa pembeni ya kioo. Ilikuwa sahihi. Akaondoa mkono.

"Mzee," akasema, "hii karatasi ulipewa na nani?"